Mwana Aliyekataa Kutua

Wako wanaosema Mama Colombe anajisifu kupita kiasi. Ni kweli, najisifu. Aliyezaa mtoto anayerusha helikopta asipojisifu, ajisifu nani?

Mwanangu Cirhuza aliingia kwenye kampuni ya helikopta akiwa fundi, wakati kampuni yenyewe ilikuwa na helikopta moja tu ya kupeleka watafuta madini kule Shabunda. Mikono yake ilinuka mafuta hata siku ya Jumapili kanisani. Baadaye misheni nazo zikaanza kuiomba ile helikopta, hospitali nazo zikaiomba, maana barabara zetu mvua ikinyesha zinageuka matope matupu. Kampuni ikanunua ya pili. Marubani walikuwa Wabelgiji wawili, na walipohitaji wa tatu walimtuma mwanangu akasomee Ubelgiji miezi kumi na minane. Alirudi na cheti chake na miwani ya jua. Nilimbatiza Théodore, lakini serikali ilikuwa imetuambia tuache majina ya Kizungu, kwa hiyo kwenye cheti liliandikwa Cirhuza peke yake, jina la babu yake. Nalo lilipendeza.

Lakini cheti ni kitu kimoja na kuaminiwa ni kingine. Mwaka mzima aliruka na Bwana Wauters, mkuu wa marubani, amekaa kando yake kama katekista. Mwanangu alivumilia. Mimi sikuvumilia, nililalamika soko zima la Kadutu, hapa Bukavu, mpaka wateja wangu wa maharage wakachoka.

Asubuhi moja ya Novemba 1974, Alphonse, mtu wa redio wa kampuni ambaye ni jirani yangu, alinipitia mbio sokoni.

"Maman, Cirhuza ameruka ye peke yake. Ameenda Bunyakiri kutwala mwanamuke anashindwa kuzala. Atashuka kwa kiwanja ya mupira, pembeni ya hospitali. Wauters atakuwa pale anamuangalia. Akiona kosa moja tu, mutoto atarudia kukaa pembeni miaka ingine mbili."

Alisema akaenda zake kumfuata Bwana Wauters. Alitaka nimwombee mtoto. Nami nilisali, haki ya Mungu, lakini nilisali huku natembea.

Kwetu mgeni wa heshima hakanyagi udongo. Askofu akija, wanawake tunamtandikia njiani vikwembe vyetu, vile vitenge tunavyojifunga. Komisa wa serikali akija, tunamtandikia, hata kama hatumpendi. Sasa ningemwacha mwanangu, mtu wetu wa kwanza kuongoza chombo kile peke yake, akanyage nyasi za kiwanja kama mchezaji wa akiba? Nilifunga maharage yangu, nikakusanya wanawake ishirini na saba wa soko, na kabla ya saa nne kiwanja kilikuwa kimefunikwa vikwembe kutoka goli hadi katikati. Changu kilikuwa cha wax ya Uholanzi, hakijaguswa na maji hata mara moja. Nilikitandika juu kabisa ya msalaba wa chokaa waliouchora kuonyesha mahali pa kutua.

Helikopta ilitokea upande wa Miti, ikapita juu ya ziwa, ikaja juu yetu. Tulipiga vigelegele. Ikashuka, ikashuka, na upepo wake ukaanza kuinua ncha za vikwembe. Nilimwona mwanangu kwenye kioo, miwani usoni. Nilimpungia mikono yote miwili.

Akasimama hewani. Kisha akainua chombo, akanigeuzia mkia, akarudi ziwani.

Vigelegele vilikatika. Sijawahi kuona aibu kama ile. Wanawake ishirini na saba walinigeukia, na yupo aliyecheka. Nilijiambia: Ubelgiji wamenibadilishia mtoto, sasa vikwembe vya mama yake havimtoshi.

Ndipo likafika gari la kampuni. Bwana Wauters aliruka chini kabla halijasimama, na Alphonse nyuma yake na redio mkononi. Sauti ya mwanangu ikatoka ndani ya redio, imetulia kabisa.

"Alphonse, ambia mama aondoe bile bikwembe yote. Siwezi kushuka. Niko na mugonjwa, na mafuta ya kungojea iko ya dakika kumi. Kisha nitaenda Kavumu, kwa kiwanja ya ndege."

Eulalie, anayeuza samaki mkabala nami na ambaye hajui kunong'ona, alikunja mikono kifuani.

"Kuondoa bikwembe mbele ya mugeni ni kumufukuza. Na tangu lini mutoto anapatia mama yake amri? Sikio haiwezi kupita kichwa."

Wengine walikubali naye. Hata mimi nilitaka kukubali naye.

Bwana Wauters alinigeukia. Aliniambia mimi: "Maman, kikwembe moja ikiruka mpaka kwa panga za juu zenye kuzunguka, helikopta inaanguka. Na kutoka Kavumu mpaka hapa kwa barabara, na hii mvua ya jana, ule mwanamuke hatafika muzima."

Nilielewa. Nilikuwa nimemtegea mwanangu mtego, tena wa wax ya Uholanzi.

Nilianza na changu. Nilikikunja vibaya, kikapata tope, nikakitupa garini. Eulalie alikuwa amekanyaga chake kwa miguu miwili, nikakivuta naye akakaa chini. "Kama iko mugeni wangu, ni mi ninajua namna ya kumupokea," nilimwambia. Basi wote wakainama. Alphonse alikuwa anahesabu dakika kwa sauti. Alipofika nane, kiwanja kilikuwa nyasi tupu.

Mwanangu alirudi, akatua juu ya msalaba wa chokaa taratibu, kama mtu anayeweka kikapu cha mayai. Wauguzi walimkimbiza mama wa Bunyakiri hospitali. Kabla ya adhuhuri alipasuliwa, akapata mtoto wa kike, na wote wawili walikuwa wazima.

Mimi wakati huo nilimfuata Bwana Wauters. Sikujali tope la magotini.

"Kosa iko yangu, Bwana. Usimuhesabie mutoto."

Alivua kofia. "Maman, mi nilifika hapa kuangalia kama anajua kushuka. Nilijua tayari anajua. Sikujua kama anajua kukatala. Kesho ataenda Mwenga ye peke yake. Mi nitabakia kwa ofisi."

Cirhuza alikizunguka chombo chote kwanza, akagusa hiki na kile, akazifunga panga za juu. Hapo tu ndipo alipokuja kwangu, miwani mkononi, na macho ya mtoto anayengoja fimbo.

"Mama, unisamehe. Nilikukatalia mbele ya batu."

"Ungeshuka," nilimwambia, "ningekuchapa mbele yao."

Sasa kampuni ina helikopta tatu, na vijana wawili wa Bukavu wako masomoni. Kule sokoni bado wapo wanaosema mwanangu aliniaibisha mbele ya Kadutu nzima. Waseme. Nililea mtoto nikampa kila kitu changu, na siku ile nilimwona akimtanguliza mwanamke asiyemjua mbele ya mama aliyemzaa. Nilisimama pale kwenye nyasi tupu, sina cha kumtandikia, na moyo wangu ulijaa.