Chande Ampigia Mkwewe Gitaa

Jina la Chande halikuandikwa kwenye santuri hata moja, ingawa katika miaka ile ya hamsini hapakuwa na mkahawa toka Likoni mpaka Shimoni ambamo gitaa lake halikusikika. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya waimbaji. Kampuni ya santuri ya Mombasa ikipata mwimbaji, humwita yeye kutoka Msambweni. Hupanda basi mpaka Likoni, akavuka kwa feri, akapiga, akakaa huko hata miezi, ndipo akarudi kwake. Mabaharia wa Kilindini walikuwa wamemwachia santuri za Wamarekani weusi, na humo ndimo alimojifunza kuuvuta uzi kwa kidole mpaka ukalia kama mtu.

Bi Mbeyu hakutaka kulisikia gitaa hilo. Alikuwa mama wa mkewe, Mwanaima, na mjane wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Posa ilipoletwa alisema mbele ya wazee kwamba hamwozi binti yake mtu wa ngoma, akakubali tu Mwanaima alipogoma kula. Tangu hapo Chande akienda kumwamkia, gitaa huliacha kwa jirani.

Asubuhi moja Waziri, msimamizi wa kurekodi, alimpokea mlangoni kwa furaha.

"Leo tuna mwanamke wa huko huko kwenu kusini. Hataki jina lake litajwe wala uso wake uonekane. Lakini ukimsikia, bwana!"

Chande akaketi, akakaza nyuzi. Mwanamke akaingia na buibui lake, uso ameufunika, akasimama mbele ya maikrofoni na kumpa Chande mgongo.

"Bismillahi," akasema.

Chande akainua kichwa. Ilikuwa sauti ile ile iliyokataa posa yake.

"Mama?" Neno lilimponyoka.

Mwanamke akageuka upesi, akajifunua uso. Alikuwa Bi Mbeyu.

"Chande! Wafanya nini hapa?"

"Shikamoo, mama. Mimi... ndimi mpiga gitaa."

"Marahaba," alijibu kwa mazoea tu. "Ya Rabi! Niliambiwa kuna mtu wa gitaa. Sikuambiwa ni wewe."

Waziri akawatazama kwa zamu. "Kumbe mwajuana?"

"Ni mkwe wangu," wakajibu kwa pamoja.

Chande akainuka aondoke. Kumpigia mkwewe gitaa! Lakini Bi Mbeyu akamzuia kwa mkono.

"Kaa. Nilikuwa naimba kabla sijaolewa. Marehemu hakupenda, nami nikanyamaza kwa ajili yake. Sasa Mungu amemchukua, na mimi ningali na sauti. Piga."

Chande akapiga, na Bi Mbeyu akaanza:

*Nimemwoza mwanangu kwa mwanamume wa nyuzi,*
*Paa la nyumba lavuja, yeye abembeleza uzi.*

Chande akaelewa kuwa ni yeye. Anatukanwa, tena na mkwewe, na gitaa lake mwenyewe ndilo linalosindikiza matusi! Angetupa gitaa chini, lakini sauti ile ilimshika. Alikuwa amewapigia waimbaji wa pwani yote, na hajapata kusikia sauti kama ile. Ilipofika tena kwenye paa linalovuja, kidole chake kikauvuta uzi chenyewe, ukalia kwa uchungu. Mabega ya Bi Mbeyu yakatikisika. Chande alidhani analia. Kumbe anacheka.

Walipomaliza, Chande aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani paa lavuja?"

"Lavuja! Masika yote mwanangu ametega sufuria kando ya kitanda, nawe uko huku Mombasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikukaripie mkwe wangu, ana kwa ana? Nina adabu zangu." Akajifunika uso. "Haya, tuurudie. Pale mwisho umekwenda mbio."

Chande aliporudi Msambweni, alinunua makuti na kuezeka upya. Hakumweleza mkewe sababu.

Santuri ikatoka, ikapendwa. Siku moja Mwanaima alirudi kutoka dukani bila unga aliokwenda kuununua, macho yamemtoka.

"Yule mwanamke aimbaye katika santuri ni mama yangu."

Chande akaliweka gitaa kando.

"Na gitaa ni lako."

"Ndiyo."

"Na huyo mwanamume wa nyuzi?"

"Ni mimi."

Mwanaima akaketi pale pale kizingitini, mkono mdomoni.

"Loo! Mimi mwenyewe nimeucheza wimbo huo juzi, harusini kwa kina Dama! Wanawake tuliuimba kwa kelele hata santuri haikusikika. Nikiimba matusi ya mume wangu, nami sijui!" Akaanza kucheka, kisha akamtazama mumewe. "Na mama atatoa nyingine?"

"Jumanne," akajibu Chande. "Hajaniambia inamhusu nani."