Bakuli la Arobaini

Siku ya arobaini ya mumewe, Neculai, Saveta alimpitishia jirani yake Viorica bakuli juu ya ua: kabichi zilizoviringishiwa nyama, mkate wa kusuka, na mshumaa unaowaka. Viorica alipokea kwa mikono miwili. Akala na wenzake wawili wa nyumba, kimya, kama walivyozoea kula kule kwenye kituo cha walemavu walikotoka.

Kisha akaliosha bakuli. Alikulia kituoni tangu utotoni, na kule bakuli lisiporudi jikoni, chakula cha jioni hukioni. Akalisugua hadi likang'aa, akajikokota na mguu wake mbovu mpaka uani, akalirudisha. Saveta alilitazama, akalipokea, akaingia ndani.

Kesho yake Doina, msichana aliyeajiriwa kuwasaidia, alirudi kutoka dukani uso umemshuka.

"Dada Viorica, umefanya nini na bakuli la watu?"

"Nimelirudisha. Safi."

"Ole wetu. Sadaka ya marehemu hairudi, dada. Chakula na chombo chake vyote vinamfuata huko aliko. Saveta anasema umemfukuza Neculai mezani."

Viorica alikaa chini. Mtaa mzima haukuwataka. Saveta peke yake alikuwa amesema waachwe wakae. Jumapili meya angekuja kuwauliza majirani kama wabaki au waondoke. Saveta akigeuka, wangerudishwa kituoni, kwenye milango isiyo na kitasa upande wa ndani.

"Nenda wewe ukamwambie," alisema.

"Mimi sikupewa bakuli," Doina akajibu. "Nikienda, watasema mnasemewa kama watoto."

Viorica alisimama langoni kwa Saveta muda mrefu, akingoja mtu amfungulie. Hakuja mtu. Mwishowe akalisukuma mwenyewe.

Saveta alikuwa akinyonyoa kuku juu ya beseni la maji ya moto. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kunirudishia na kijiko?"

"Nimekuja kuchukua bakuli langu."

"Lako?"

"Ulinipa. Sikujua limekuwa langu, mama. Kule kitu hakiwi chako."

Manyoya yaliendelea kuanguka.

"Neculai alikuwa hapendi kula bila chombo," Saveta alisema. "Sasa huko aliko anakulia kiganjani, kwa hisani yako."

"Basi nipe, ale vizuri."

Saveta akamtazama, mdomo umemcheza upande mmoja. "Kumbe una ulimi. Watu wananiambia ninyi hamsemi."

Akapangusa mikono kwenye aproni, akaingia ndani, akatoka na bakuli. Lakini hakuliachia.

"Husemi kitu kwa marehemu?"

"Mungu amsamehe Neculai."

"Amina." Akaliachia.

"Na Jumapili?" Viorica akauliza.

"Jumapili meya atanikuta hapahapa. Akiuliza kama nina majirani, nitamwambia ninao, mmoja hajui adabu za sadaka ila anafundishika. Haya nenda, kuku akipoa hanyonyoleki."

Nyumbani Viorica hakujua pa kuliweka. Vyombo vyote kabatini vilikuwa vya nyumba, si vya mtu. Akaliweka chini ya kitanda chake, akaona halipendezi huko, akalitoa. Akaliweka juu ya blanketi, akakaa kando yake.