Mkeka wa Mfalme Kiboko

Nguchiro mume alikuwa ameshika ukili wa mkeka, hajauongezea chane ya ukindu, kwa sababu kosa lake la siku ile lilikuwa halijamtoka mdomoni. Mkewe alingoja. Shangazi Nguchiro naye alingoja, mtoto wao mchanga amelala mapajani pake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kichuguu. Mume na mke wakikosana, mtoto hukaa kwa shangazi, na wao husuka mkeka mmoja kwa kupokezana. Anayepokea hutaja kosa lake kwanza, ndipo anaongeza chane. Akitaja kosa la mwenzake, mstari mmoja unafumuliwa. Mkeka ukiisha, mtoto anarudi kulala juu yake.

"Yale mayai niliyala mimi," mume akasema hatimaye. "Kenge nilimsingizia."

Mkewe akamsogelea kidogo. Walikuwa wamebakiza shubiri moja.

Hapo ndipo Mfalme Kiboko alipofika na Baraza lake, yaani Waziri Mamba na Karani Korongo.

"Furahi, Shangazi," akasema Mamba. "Mfalme ameipenda sheria yenu, kwa hiyo si yenu tena."

Korongo akasoma tangazo. Tangu siku ile, mikeka yote ya ugomvi itasukwa na Baraza kwa niaba ya wagomvi, ili wasijisumbue. Mkeka wa Baraza ukikamilika, watoto wote walio kwa shangazi watahamia Nyumba ya Ulezi ya Mfalme, iliyokuwa katikati ya mto.

Shangazi akauliza kwa adabu kama watoto wa nguchiro wanaweza kuishi majini. Mamba akamjibu kwamba jambo hilo linafanyiwa utafiti, na mtafiti ni yeye mwenyewe.

Shangazi akamtazama mtoto. Hakubisha. Aliuliza tu kama tangazo limeigeuza sheria au limeichukua ilivyo.

"Ilivyo," akasema Korongo kwa fahari. "Neno kwa neno."

Basi Shangazi akalianzishia Baraza ukili wa shubiri moja, akawakaribisha wakae.

Mamba alitaja kosa lake kuwa ni kumwamini Korongo. Shangazi akafumua mstari. Korongo akataja lake kuwa ni kuvumilia uvivu wa Mamba. Ukafumuliwa mwingine. Ikaundwa kamati ndogo ya makosa, ikakutana nyuma ya kichuguu, ikarudi na orodha ya makosa arobaini, yote ya nguchiro. Ukili ulikwisha kufumuka kabla orodha haijafika nusu. Korongo akaandika kwamba kazi inaendelea vizuri.

Jua likainama. Mamba akamnong'oneza Mfalme kwamba ingekuwa rahisi kuwachukua watoto tu, kuanzia huyu wa mapajani.

Mfalme akakataa. "Tangazo lina muhuri wangu," akasema. "Nikilivunja hili, nani ataogopa yale mengine?"

Akaomba chane. Akaishika muda mrefu, mpaka nguchiro mume na mkewe, waliokuwa bado pembeni na mkeka wao, wakaacha kusuka.

"Jana," akasema kwa sauti ndogo, "raia walipokuja kulia kwamba kisima kimekauka, nilikuwa nimelala. Macho wazi."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akamsogelea, akamwonyesha namna ya kuikunja.

"Zimebaki chane ngapi?" Mfalme akauliza.

"Zote, Mtukufu, isipokuwa hiyo." Akainuka, akamweka mtoto begani. "Giza linaingia. Kesho uwahi, na chakula ujibebee."