Vipimo vya Eunice

Marcel alikwisha kumhukumu dada yake kabla daktari hajafungua mdomo.

"Huyu akili zimemruka," alisema, miguu kainyoosha katikati ya chumba kana kwamba hospitali ya Shinyanga ni yake. "Anasikia anaitwa, na hakuna mtu. Tunampeleka kijijini Didia akalime na bibi."

Eunice alivitazama viatu vya kaka yake, vimejaa vumbi la karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Bugarama. Yeye alikuwa fundi cherehani, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Ile sauti ilimwita kweli, na ilimtisha. Lakini kilichomuudhi zaidi ni huyu bwana, asiyejua kusoma hata maelekezo ya dawa ya kikohozi, kumfundisha daktari kazi.

Daktari Yasmini alimsomea maneno kumi na matano. Eunice akarudia kumi na matatu. Kisha akapewa karatasi ya kuoanisha alama na tarakimu kwa haraka. Hapo mkono ukawa mzito. Muda uliisha hajafika nusu.

Marcel akacheka. "Mchezo wa chekechea!"

"Karibu basi," daktari akasema, akamsomea maneno mengine.

Marcel alipata matano, na moja kati ya hayo halikuwemo kwenye orodha. Akasingizia kelele za nje. Eunice hakuhangaika hata kucheka.

"Dada yako hajaugua," daktari alisema. "Yuko kwenye hatari ya kuugua akili, na walio kwenye hatari hiyo hawafanani. Leo nimempima mama mmoja, alama anazimaliza upesi, maneno hayakai kichwani. Eunice anakumbuka vizuri, kasi ndiyo imepungua. Aje kila mwezi. Na kazi yake aendelee nayo."

Wiki iliyofuata Marcel alisimama mlangoni pa kibanda cha kushonea cha dada yake. "Mama Nasibu, kitenge chako usimwachie huyu. Kichwa chake kimeharibika."

"Kifua arobaini, kiuno thelathini na nne," Eunice alisema bila kugusa daftari. "Ndivyo ulivyokuwa Pasaka, Mama Nasibu. Nitakupima tena. Ila nipe siku nne, siku hizi nashona polepole." Akamgeukia kaka yake. "Wewe unaniziba mwanga."

Mama Nasibu alimwachia Eunice kitenge.

Mwezi ulipotimia, Eunice alikwenda Shinyanga peke yake. Alimwamkia daktari, akakaa, akamwambia ukweli: mwezi huo sauti ilikuwa imemwita mara mbili.