Ahadi ya Mechi Saba

Wiki mbili baada ya timu kushuka daraja, wachezaji kumi na mmoja walikuwa wameondoka. Hakuna aliyewatukana. Mikataba yao ilikuwa imekwisha. Walikusanya viatu vyao, wakapeana mikono na mlinzi wa geti, wakaenda zao. Matusi yote aliwekewa kipa, ambaye alikuwa bado yupo.

Tulimwita Komeo. Mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, na klabu moja ya daraja la juu ilimtaka. Aliandika barua kuomba aachiwe. Kesho yake mkewe alikuta mlango wa saluni yake umepakwa rangi nyekundu: MSALITI, kwa herufi ndefu, ya mwisho ikiwa imechuruzika hadi kizingitini. Alisugua kwa mafuta ya taa asubuhi nzima huku wateja wake wakipita upande wa pili wa barabara.

Mimi ni mtaalamu wa viungo wa klabu. Wachezaji huniita daktari. Si daktari, na nilishachoka kuwasahihisha.

Zilipokuwa zimebaki mechi saba msimu uishe, Komeo alivunjika kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Picha ilionyesha mfupa umepasuka kwa mshazari, chini kidogo ya kiungo. Nilisema wiki sita. Mwenyekiti akashuka mwenyewe hadi chumba changu cha matibabu, akasimama na viatu vya tope juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki. Nahodha alikuwa naye.

"Mwanangu," Mwenyekiti alimwambia Komeo, "yule kipa wa akiba anaogopa hata kona. Tuchezee hizi saba. Tukibaki, tukishuka, shauri ya Mungu. Msimu ukiisha ukataka kwenda, nakufungulia mlango kwa mkono wangu. Nasema mbele ya nahodha, nasema mbele ya daktari."

"Umesikia?" Nahodha akampiga Komeo begani. "Mzee kasema."

Komeo alicheza zote saba. Kabla ya kila mechi nilimfunga kidole hicho pamoja na cha kati. Mara mbili, baada ya mechi, nilikata glavu kwa mkasi kwa sababu mkono ulivimba ikawa haivuliki. Alifungwa mabao matano, akadaka penalti mbili, moja kwa mkono huo huo. Washambuliaji wetu, katika mechi hizo saba, walifunga mabao matatu. Tulishuka kwa pointi moja.

Katika daftari langu niliandika tarehe, kidole, kiasi cha uvimbe na dawa niliyompa. Ile ahadi sikuiandika. Haikuwa habari ya afya. Mpaka leo nikiikumbuka natamani kujizaba kibao.

Sasa Nahodha. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na kabla hajapata chumba chake alikula mezani kwangu miaka mitatu. Siku ya mechi ya mwisho alipanda ngazi za jukwaa, jezi mkononi, jasho linamtiririka, akapiga kelele: "Waondoke wote! Mimi nabaki, hata ikibidi nichore mistari ya uwanja mwenyewe!" Watu wazima walilia. Walimbeba mabegani hadi nje. Wiki hiyo hiyo wakachora sura yake kwenye ukuta wa geti, na chini yake neno MWAMINIFU.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu na Jumanne alikuwa katika klabu nyingine, safari ya saa tano kutoka kwetu, akipimwa ili asajiliwe. Daktari wa huko alimlaza, akakunja goti la kushoto, akavuta muundi. Ukaja mbele kama droo ya meza, dalili ya kano iliyokatika. Jumatano akaja mlangoni kwangu akichechemea, anataka barafu.

"Wamenirudisha, shemeji," alisema. "Kama mzigo uliokosewa anwani."

Nilimwekea barafu. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Ninayoyasikia katika chumba kile si yangu. Kila asubuhi nikapita mbele ya ule ukuta nikiwa nimeuma meno.

Wiki mbili baadaye, kamati ya utendaji ilipangwa kukaa Alhamisi, saa tisa alasiri. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa saa sita mchana, kwa hiyo Komeo asipopata barua Alhamisi hiyo, basi tena. Katika maombi yake alikuwa ameeleza ile ahadi na kutaja mashahidi wawili: Nahodha na mimi. Jambo la pili mezani lilikuwa mkataba mpya wa Nahodha, miaka miwili, mchezaji na kocha msaidizi kwa pamoja. Mkataba huo ulihitaji fomu ya afya yenye sahihi yangu.

Saa saba na nusu Nahodha aliingia chumbani kwangu akafunga mlango. Fomu ilikuwa juu ya meza. Sehemu ya mchezaji alikuwa ameshaisaini tangu asubuhi, ile inayosema anakubali matokeo ya vipimo vyake yasomwe na kamati.

"Bado hujajaza?"

"Lala nikupime."

"Shemeji, unanipima nini? Goti unalijua kuliko mimi."

"Ndiyo maana."

Akacheka, akakaa kwenye kitanda cha matibabu, mguu wa kushoto ameunyoosha kwa sababu haukutaka kukunjika. "Sikiliza. Sichezi hata dakika tano. Nitakaa benchi, nitapiga makofi, mwaka wa pili nakuwa kocha kabisa. Nani ataumia?"

"Fomu inauliza kama unafaa kucheza."

"Fomu, fomu! We mwanamke, ungeolewa na fomu!" Halafu akashusha sauti. "Kijana wako ana ombi lake pale juu, si ndiyo? Komeo. Ana mke anasugua milango. Weka sahihi yako hapo, nami saa tisa nitasema niliyoyasikia siku ile."

Nilimtazama. "Kwa hiyo unakumbuka."

"Neno kwa neno."

"Na nisiposaini?"

"Basi kumbukumbu yangu si nzuri. Mpira wa kichwa, miaka mingi."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita. Nimetukanwa na makocha, nimetemewa mate na mashabiki, nimewahi kupigwa na kiatu cha mchezaji aliyetolewa nje. Lakini kutajiwa bei ya sahihi yangu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nilivuta fomu, nikajaza mbele yake, polepole ili mwandiko usomeke: goti la kushoto, kano ya mbele imekatika, hafai kucheza, miezi tisa na upasuaji. Nikatia sahihi na tarehe.

"Kaka atasikia haya," alisema.

"Mwambie. Usiache kumwambia na ulichoniomba."

"Umemuua Komeo, ujue. Si mimi. Ni wewe na kalamu yako."

Nikampelekea Katibu ile fomu kwa mkono wangu.

Chumba cha kamati kiko juu ya changu. Walikuwa sita: Mwenyekiti, Katibu (huyu ni mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuonekana bila kalamu mbili), mwakilishi wa mashabiki aliyeitwa Tarumbeta kwa sauti yake, wajumbe wawili ambao huja kwa ajili ya chai, na Nahodha, anayewawakilisha wachezaji. Mimi niliitwa kama shahidi, nikapewa kiti karibu na mlango. Komeo aliachwa chini, kwenye kitanda changu, asubiri.

Katibu alisoma barua yake.

"Ahadi gani?" Tarumbeta alidakia. "Kila anayetaka kukimbia anazua ahadi! Timu ikiwa juu ni yetu sote, ikishuka ni ya nani? Ya wanachama peke yao?"

"Ukiwa na presha ya mechi unasema mengi," alisema Mwenyekiti. "Mimi hilo silikumbuki."

"Kuna mashahidi," alisema Katibu. "Daktari?"

Niliyarudia maneno kama yalivyosemwa.

"Una maandishi?"

"Ya kidole ninayo. Ya ahadi sina."

Tarumbeta akajipiga paja. "Si unaona!"

"Nahodha?" Katibu aliuliza.

Shemeji yangu aliitazama meza. "Siku ile kulikuwa na kelele nyingi."

Katika chumba changu chenye kelele ni feni moja tu, na siku ile hakukuwa na umeme.

Mwenyekiti akasema uamuzi utatolewa mwishoni, twende kwenye jambo la pili. Katibu akachukua fomu, akavaa miwani, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye miezi tisa mjumbe mmoja aliweka kikombe chini.

"Tangu lini?" Mwenyekiti aliniuliza.

"Fomu inauliza hali ya leo. Nimejibu hali ya leo."

"Lakini Jumapili ile alipanda ngazi mbili mbili!" alisema Tarumbeta.

"Mambo ya nyumbani haya," Nahodha alisema kwa haraka. "Huyu ni shemeji yangu, ana kinyongo na mimi. Goti langu zima."

"Inuka basi," nilisema. "Chuchumaa mara moja tu, nitaichana fomu mbele yenu."

Macho yote yakamgeukia. Alishika ukingo wa meza kama anayetaka kusimama. Hakusimama.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuondoa macho. Akafunga faili ya mkataba, akaisukuma pembeni. "Basi. Hii tuiache. Utapona, kijana wangu, na tutakuandalia mechi ya kuagana, na ngao juu. Na hili linamaliza la kwanza pia: siwezi kupoteza nahodha na kipa siku moja. Komeo abaki. Katibu, andika: ombi limekataliwa."

Nilikuwa nimeandika ukweli, na ukweli huo ndio uliomfungia Komeo mlango. Nilifungua mdomo kusema, lakini Nahodha alinitangulia.

"Ngao?"

"Tulia."

"Ngao! Miaka kumi na mbili, mzee! Mwezi uliopita, kwenye hicho hicho kiti, uliniambia ukocha ni wangu, nicheze nisicheze!"

"Nilisema tutaangalia."

"Ulisema wangu!" Sasa alikuwa amesimama, kwa mguu mmoja. "Unatupaka mafuta, ukishatutumia unatusahau! Ndivyo ulivyomfanyia Komeo! 'Nakufungulia mlango kwa mkono wangu.' Ulisema! Mbele yangu! Ulisema mechi saba, ukasema tukibaki tukishuka, na ulikuwa na tope kwenye viatu! Unadhani sisi ni wajinga?"

Tarumbeta akamgeukia Mwenyekiti.

Katibu aliinua kalamu. "Niandike hivyo?"

"Andika! Andika na tope!"

Katibu akaandika, bila haraka. Akayasoma maneno yale, akamuuliza Nahodha kama ndivyo, akajibiwa ndivyo. Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Kwa hiyo ahadi ina mashahidi wawili. Mimi nasema ipigiwe kura." Akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Wale wajumbe wa chai walitazamana, wakanyoosha yao. Nahodha alinyoosha wake kama mtu anayetaka kuurusha. Mwenyekiti alipinga. Tarumbeta alisema yeye hana upande leo.

Nahodha alinipita mlangoni bila kunitazama. Kwenye korido akasema, si kwa sauti ndogo, kwamba nyumbani kwa kaka yake hatakanyaga tena maadamu mimi nimo.

Nilisubiri mhuri ugongwe, nikashuka na barua ya kumwachia. Komeo aliruka kutoka kitandani. Aliisoma mara mbili, mara ya pili akifuata mistari kwa kile kidole kilichopinda.

"Nani kanitetea, dada?"

Ningeweza kumweleza kuhusu barafu. Ningeweza kumweleza bei niliyotajiwa saa saba na nusu, na kelele nyingi, na ngao. Ya goti hayakuwa yangu kuyasema, na bila goti mengine yote hayaelezeki. Kilichobaki ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha Katibu.

"Nahodha," nilisema.

Uso wake ulikunjuka wote. "Nilijua! Nilimwambia mke wangu, watu wote watanigeuka, yule hapana. Yule ni mtu! Ngoja nikamshukuru."

"Usiende leo."

"Kwa nini?"

"Ana hasira."

"Na mimi?"

"Si na wewe. Usiende tu."

Hakunisikiliza. Nilimsikia akikimbia koridoni, akimwita nahodha wangu, nahodha wangu. Halafu nikasikia sauti ya shemeji kutoka upande wa geti, imepasuka kabisa: "Toka mbele yangu! Nenda! Nenda zako huko!" Kitu kikagonga bati.

Komeo alirudi taratibu. Alisimama mlangoni na barua yake, akiwa amekodoa macho ili machozi yasianguke.

"Imemuuma," alisema. "Kwamba naondoka. Hata mkono hakunipa. Unajua, dada, hapa hakuna mtu anayeipenda klabu hii kama yule."

"Dirisha linafungwa kesho saa sita," nilimwambia, kwa ukali ambao hakustahili. "Chukua barua yako uende."