Mkono Chini ya Shali

...na asibishe tena, ya Rabi mzuie, akibisha tena mtoto ataamka, hili geti la bati likipigwa hata waliozikwa ng'ambo ya Tana huinuka wakauliza kuna nini, "Salah! Warya Salah! Bado unalala? Jua imefika wapi!", ni Noordin huyo, dalali mwenzangu, sauti yake naijua hata ngamia elfu wakilia, na mimi hapa jikoni nimesimama kama mwizi ndani ya nyumba yangu, Ruweyda begani, homa yake imepenya shali ikapenya shati, ndiyo kwanza amelala tangu mama yake aende kazini, mkono wa kulia nimeshika upawa, anjera, mkate wetu mwembamba wa kumimina, kwenye tawa inatoa vitobo, hebu tazama vitobo hivyo, vimepangika kama nyota, hakuna mwanamke Garissa nzima anayetoa vitobo kama hivi, sijisifu, ni kweli tu, lakini nitamwonyesha nani... "Salah, mnunuzi amekuja! Yule wa malori! Anataka ngamia wote, na anasema hatoi mkono kwa mtu mwingine ila wewe!", ila mimi, bila shaka ila mimi, shule niliiacha darasa la tano lakini vidole vyangu vina digrii, chini ya shali, pale dalali na mnunuzi wanapopatana bei kwa kuminyana vidole watu wasione, vinasema Kisomali na Kiborana na Kiarabu, siku moja nilimminya tajiri kidole cha kati akatoka machozi, akalipa, akanialika harusi ya bintiye, walaahi watu walikuwepo, na huyu wa malori nimemngoja mwezi mzima, na Saado jirani yuko hapo, ukuta mmoja tu, nampitishia mtoto juu ya ukuta, naruka kwa tuktuk, narudi kabla ya adhuhuri, mke wangu Barwaqo hatajua... atajua, juzi alijuaje, alirudi kutoka hospitali akamkuta mtoto kwa Saado, nepi imejaa, homa imepanda, mimi niko sokoni na kikombe cha chai nasimulia uongo, na hakupiga kelele, kelele ningeiweza, alivua viatu vya kazi akasema polepole, "Baba Ruweyda, wamenipa wodi ya kina mama niisimamie. Nikimkuta tena kwa jirani naacha kazi. Siendi kwa wazee, sigombani. Nitakaa tu hapa, na utanitazama kila siku", utanitazama kila siku! mwanamke aliyesomea unesi huku anachunga mbuzi wa babake kule Wajir, akae hapa mkekani nimtazame, mdomo amefunga, bora anipige na mwiko... na leo ndiyo siku yake ya kwanza kwenye wodi hiyo, alfajiri nilimwona akipiga pasi sare mara mbili...

"Salah! Nasikia harufu ya anjera! Kumbe yule msichana wako wa kazi yuko ndani? Mwambie anitolee mbili na sukari!", msichana wa kazi, uongo wangu huo, aliondoka kitambo, lakini niliapa mbele ya soko zima kwamba nyumbani kwangu sijui hata chumvi inakaa kopo gani, wakacheka, wakaninunulia chai, na sasa naijua chumvi, kopo la bluu nyuma ya majani, na sukari ilipofichwa naijua, na napajua Ruweyda anapopenda kupapaswa, hapa chini ya shingo, nikifungua geti hili Noordin atafika na habari sokoni kabla vumbi la viatu vyake halijatua, hadi Liboi wataimba, Salah amevaa aproni... na yote alianzisha Barwaqo, juzi hiyo hiyo, "Lete mkono," akatupa shali yake juu ya mikono yetu, nikacheka mpaka nikakohoa, mwanamke abishane bei na Salah! akaminya gumba, kila kidole kazi moja ya nyumba, hicho mtoto mgonjwa, humlea asiye zamu kazini, nikaminya changu, maji na makaa, akaminya cha shahada, chakula cha mchana, nikavuta, akavuta, akafika kidole kidogo akakibana hadi mfupa ukalia, choo, nikakubali choo, mimi! nikafunga mkono, yaani tumepatana, nikidhani ni mchezo wa mume na mke, na yeye uso mkavu kama mnunuzi wa Mandera... hakuwa anacheza, alinijua, alijua kiapo mimi nitakila na kukitema, lakini mkono uliofungwa chini ya shali, huo sijawahi kuurudisha maisha yangu yote, dalali mmoja pale sokoni, Abdilatif, aliurudisha mara moja tu, kwa mtamba mmoja, mpaka leo hakuna anayeuziana naye bila mashahidi, hata salamu humpa kwa mbali...

Anajipindua, usiamke mama, usiamke, macho bado yamefumba, mkono wake umeteremka ndani ya shali umekuta kidole changu, ameshika, moto kama kaa, anabana, nangoja bei kama mjinga, hasemi bei, anabana tu... anjera imeiva, hii haigeuzwi, upande mmoja unatosha, naiinua nzima bila kuchanika, na Noordin bado yuko pale, nasikia viatu vyake vikikwaruza changarawe, haya basi, abishe, abishe hata kwa jiwe, nitamfungulia hivi hivi, mtoto begani na upawa mkononi, ale mbili, ale tatu, alambe vidole, ndipo nimwambie nani mpishi, halafu akamwambie yule wa malori angoje au aende, mkono wa Salah umeshafungwa kwingine.