Umeme wa Shemeji Projest

Shemeji yangu Projest aliuza kibanja alichopewa na baba yake, migomba na mibuni na makaburi ya wazee humo humo, akanunua gari lenye kitanda. Ni gari la kutoka Japani. Ndani lina kitanda, jiko la gesi, sinki, na friji ya kutosha kuku mmoja. Alipolileta kwangu Kanoni ili nilione, nililizunguka, nikamuuliza mtu analala humo kwa sababu gani. Akasema ni utalii. Watu wenye nyumba nzuri mijini wanalipa walale ndani ya gari porini. Nikasema sawa. Mimi niliishia darasa la saba, kuna mambo hayakufika kwenye vitabu vyetu.

Lakini kilichonihusu hakikuwa gari. Tangu mume wangu Xaveri afariki, Projest amekuwa akisema kila mahali, msibani, harusini, hata nje ya kanisa watu wakiwa bado wanatoka misani, kwamba kibanja cha kaka yake hakina msimamizi. "Shemeji yupo," anasema, "ila kibanja kinataka mwanaume mwenye mipango." Mtu aliyeuza chake anataka kupanga cha mwenzake. Na maneno hayo yalikuwa yamefika mahali pabaya, maana kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili nyumbani kwa wifi yangu Celestina, dada yao mkubwa ambaye neno lake halipitwi na mtu, na ajenda ilikuwa hiyo hiyo: nani asimamie. Kama wangempa Projest, mimi na wanangu tungekuwa wageni kwenye migomba tuliyoipalilia wenyewe.

Projest alikuwa ameshapanga. Jumamosi angewapokea wageni wake wa kwanza, mke na mume kutoka Dodoma, wanaokwenda kuona wanyama katika hifadhi kule Kyerwa. Usiku wa kwanza wangelala kibanjani kwangu, ndani ya gari lake, waone maisha ya kijijini. Jumapili angesimama mbele ya ukoo na kusema, mmeona, kibanja kimeanza kuzalisha. Hayo yote hakuniomba. Aliniarifu.

Tatizo likawa umeme. Betri ya ndani ya gari, ile ya kuendesha friji na taa, ilikuwa imekufa kabla hata ya kufika Karagwe, na kwetu nguzo za umeme zimeishia barabarani. Alhamisi akaniambia twende wote mjini Kayanga kununua umeme wa kubebeka. Anataka ushauri wangu, akasema. Nilijua anachotaka. Alitaka aje aseme tulichagua pamoja.

Mwenye duka alikuwa Karekezi, mtu mzima mwenye miwani na maneno machache.

"Nataka umeme wa kubebeka," akasema Projest, kwa sauti ya mtu anayenunua duka zima.

Karekezi akamwonyesha jenereta ya petroli. "Hii haijali mvua wala jua. Ila ina kelele na moshi, mgeni hatalala."

"Wageni wangu wanalipa wasikie ndege. Toa."

Akamwonyesha betri la maji, kubwa kama la lori, na kifaa chake cha kugeuza umeme. "Hili nalo litakufaa. Ni zito, na usiwe unalimaliza lote kila siku, litakufa mapema."

"La mafundi redio hilo. Toa."

Ndipo likaja sanduku. Jeusi, lina mshikio juu, matundu ya kuchomekea mbele, na kioo kinachoonyesha namba. Pamoja nalo kulikuwa na paneli za jua zinazokunjwa kama begi la safari. Projest akaliinua, akalibonyeza pembeni kwa dole gumba kama anayenunua parachichi, akasema, "Hili ndilo."

"Utawasha nini?" akauliza Karekezi.

"Friji. Taa. Simu. Kompyuta ya mgeni. Birika la umeme. Pasi."

Karekezi akavua miwani. "Birika na pasi viache, mzee. Hivyo vinakula kuliko vingine vyote. Na kabla hujaondoka mjini, lichaji kwanza kwenye umeme wa ukutani lijae."

"Ya nini, na jua lipo? Wewe unauza au unafundisha?"

"Yote mawili, mzee. Paneli nazo usiziweke kivulini. Hata kivuli cha jani kinazisumbua."

Nikasema, "Shemeji, pale nyumbani utaziweka wapi?"

"Juani."

"Juani wapi?"

Akamgeukia Karekezi ili wanicheke wote wawili. Karekezi alikuwa anafuta miwani yake. "Shemeji," akasema Projest, "huu ni mwezi wa saba. Karagwe nzima ni jua."

Mtu amezaliwa kwenye migomba, ameoga kwenye migomba, amecheza na kuchapwa kwenye migomba, halafu amesahau kwamba kibanja ni kivuli. Huko kusahau nako kunahitaji bidii.

Njiani alisimama kwa wifi Celestina ili amchajie simu. Sanduku lilitoka dukani na chaji kidogo tu, na hiyo kidogo akaigawa kama pipi za harusi. Celestina akaitazama simu yake ikiingia moto bila waya wa ukutani, akasema, "Projest, kumbe una akili." Mimi nikatazama barabara. Nilikuwa nahesabu kwamba kura yake imeshakwenda.

Ijumaa akaegesha gari ubavuni mwa nyumba, chini ya migomba, maana hapakuwa na pengine pa kuliingiza. Uwanja wote ulikuwa na kahawa yangu, nimeianika kwenye mikeka, ndiyo msimu. Akazitandaza paneli katikati ya migomba na kuchuchumaa mbele ya kioo. Sifuri. Akazisogeza. Ikaja namba, jani likapunga, namba ikaondoka. Alishinda akizihamisha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Akajaribu kuzipandisha kwenye bati, waya haukufika.

Akaja nilipokuwa nageuza kahawa. "Shemeji, zoa hii."

"Haijakauka."

"Utaianika tena Jumatatu."

"Ikirundikwa na unyevu itaota ukungu, chama cha ushirika hakitaipokea. Hii ndiyo ada ya shule ya mwanangu Immaculata."

Akaingia garini, akatoka na panga. Panga jipya, bado lina karatasi ya dukani. Akaiangalia migomba ya upande wa mashariki, ambayo yote ilikuwa imebeba.

"Hii michache tu," akasema. "Mgomba si mti, utaota mwingine."

Nikaenda nikasimama mbele ya ule wa kwanza. "Ni ya nani hii, shemeji?"

"Nini?"

"Migomba hii. Nakuuliza ni ya nani."

Alinitazama, akatazama panga. Akisema ni yangu, amejifunga mwenyewe. Akisema ni yake, Jumapili ilikuwa bado haijafika. "Una maneno mengi kwa mtu mmoja," akasema, akalirudisha panga garini. Nilidhani ameelewa. Hapo nilimheshimu kupita kiasi.

Jumamosi nilikwenda misa ya asubuhi. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti chake cha kukunja, miguu kainyoosha, anakunywa chai.

Pale kibanjani, hatua chache kutoka lilipokuwa gari, kuna mahali pamoja ambapo hatupandi kitu, na migomba ya jirani yake huwa naikata majani ili pawe peupe. Ni kaburi la Xaveri. Tulilisakafia kwa saruji, bapa, nalifagia mwenyewe, na jua linalipiga tangu asubuhi hadi jioni. Projest alikuwa amezitandaza paneli zake hapo, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Waya ameuzungushia kwenye msalaba usivutwe na upepo. Shada la maua liko chini kwenye majani makavu. Jina la mume wangu amelifunika kwa paneli, na juu ya paneli, pembeni, ameweka kibuyu chake cha maziwa.

"Shemeji, njoo uone namba," akasema. "Inapanda yenyewe. Kaka ametusaidia."

Niliiona namba. Nikamwambia naingia ndani kubadilisha viatu.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yangu kupokea jumuiya. Ilitangazwa kanisani na kila mtu aliijua, isipokuwa Projest, ambaye aliacha kuja jumuiya tangu walipoanza kusoma majina ya wasiofika. Kwa kawaida tunasalia sebuleni. Wanajumuiya walipofika, karibu wote wanawake, wifi Celestina mbele na rozari yake mkononi, nikawaambia leo tusalie kaburini, tumwombee marehemu. Si jambo geni, huwa tunafanya hivyo.

Waliziona paneli. Celestina alikiangalia kile kibuyu, akainama, akakiondoa, akakiweka kwenye nyasi. Kisha tukalizunguka kaburi upande uliokuwa na nafasi, ule wa mashariki, bega kwa bega kwa sababu tulikuwa wengi, na vivuli vyetu vikalala juu ya zile paneli zote.

Tulipofanya ishara ya msalaba tu, sanduku likalia. Ti, ti. Projest akainuka kwenye kiti.

"Mama zangu, samahani. Mngesogea kidogo upande huu wa pili..."

"Tunasali," akasema Celestina, bila kugeuka.

Upande wa pili vivuli vyetu vingeangukia migomba. Nilijua hivyo, na sikusogea. Tukasali rozari nzima. Ilipokwisha, watu wakinitazama nifunge sala, nikaanzisha litania ya watakatifu, ile ndefu. Projest alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, kofia mkononi. Kuondoka kwenye sala ya kaka yake hawezi, na kuitikia hawezi. Friji alikuwa ameiwasha mara tu namba zilipoanza kupanda, na chai ile alikuwa ameichemsha kwa birika la umeme. Namba zikawa zinateremka. Kila nilipotaja mtakatifu, watu wakaitikia, utuombee, na mimi nikakiangalia kioo kwa pembe ya jicho. Mungu ananijua. Kuomba niliomba kwa moyo wote, na kuangalia nikaangalia.

Katikati ya litania ikafika teksi kutoka Bukoba. Wageni wa Dodoma wakashuka, mama na baba, watu wazima. Yule mama akatupa macho mara moja, akajifunika kitambaa kichwani, akaja kusimama nasi na kuitikia. Mume wake akasimama kando yake, mikono mbele.

Tulipomaliza, yule mama akanishika mkono. "Poleni sana, mama. Hapa amelala nani?"

"Mume wangu."

Akazitazama paneli, akaufuata ule waya kwa macho, kutoka msalabani, ukapita migombani, mpaka kwenye mlango wa gari. "Na hivi ni vya nini?"

"Umeme wenu," nikamwambia. "Wa friji."

Projest akaja mbio. "Karibuni, karibuni sana. Mama, hii ni ya muda tu, tunasubiri..."

"Bwana Projest," akasema yule mume, "maji ya baridi tutakunywa siku nyingine."

"Nitaziondoa sasa hivi, mzee."

"Usiziondoe kwa ajili yetu. Ulipoziweka hukufikiria tungejisikiaje."

Ndipo Celestina akageuka. Rozari alikuwa ameikunja kwenye kiganja. "Projest. Nani alikuruhusu?"

"Dada, si ni hapa kwetu?"

"Kwenu uliuza."

Wanawake wakaanza kukunja kanga zao na kuangalia kwingine, kama watu wanavyofanya wakitaka kusikia vizuri.

"Uliuza," akasema tena, "na babu ukamuuza humo humo, tukanyamaza. Hapa ni kwa Mama Immaculata. Nakuuliza nani alikuruhusu."

Projest akaliangalia sanduku. Kioo kilikuwa kimezima.

Wageni hawakulala. Nikawakaribisha ndani wakala matoke na maharage pamoja na jumuiya, wakaniuliza habari za kahawa, na yule mama akaomba kuona inavyogeuzwa. Kisha wakaendelea na teksi yao kuelekea Kyerwa kutafuta nyumba ya wageni yenye kuta. Projest alikuwa nje, anakunja paneli. Shada nililirudisha mwenyewe, na kaburi nikalifagia tena.

Jumapili kikao kilikaa kwa Celestina. Hakikuwa kirefu. Celestina alisema kibanja cha Xaveri kina msimamizi, amemwona kwa macho yake akikisimamia, na kitabaki kwake na kwa wanawe. Na mwenye gari, au chombo, au mpango wowote, akitaka kuuingiza pale, atamwomba msimamizi huyo kwanza, na akikataliwa asiende kulalamika nje ya kanisa. Akauliza kama kuna anayepinga. Wanaume waliokuwa wanampigia Projest makofi tangu Pasaka walikuwa wanachunguza kucha zao.

Projest akaomba kusema neno moja. Akasimama, akajikohoza, akasema hana neno na uamuzi, ila anapenda ukoo ujue kwamba mtambo ni mzuri, mtambo hauna kosa lolote. Shida ya jana, akasema, ilikuwa wingu.

Mwezi wa saba. Watu walitazamana.

"Umemaliza?" akauliza Celestina.

"Nimemaliza, dada."

"Haya, kaeni tule."